Siku Nne Kundelungu, na Mtoto Mgongoni

"Mnakwenda kulaza mtoto porini. Nani amewafukuza?"

Neno hilo alilisema mama mkwe wangu mwezi wa saba, tulipokuwa tukijaribu kukunja hema katika ua wa nyumba yetu huko Lubumbashi. Hakuniambia mimi. Kwetu mama mkwe hamkemei mkwe wake uso kwa uso. Alimwambia binti yake, lakini kwa sauti ya kutosha, kusudi mimi niliyekuwa nyuma ya ukuta nisikose hata silabi moja. Binti yake hakujibu. Nami nilinyamaza, kwani swali lile lilikuwa na haki yake.

Wasomaji wapenzi, sharti niwaeleze limetoka wapi. Mama huyo ni mtu wa Goma. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni. Moto wake ukateremka mpaka mjini, ukaukata mji vipande viwili, ukafika ziwani. Watu wapata laki nne walikimbia, na wengi wao walivuka mpaka kwenda Gisenyi, katika Rwanda. Yeye alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, mwingine akimshika mkono, na sufuria kichwani. Yule aliyeshikwa mkono ndiye mke wangu leo. Siku ile alikuwa na umri wa miaka saba. Yule mchanga wa mgongoni naye amekua, ameolewa, akazaa. Na tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipopasuka tena, kisha siku tano baadaye ikatoka amri ya kuhama sehemu nyingi za mji, ndiye aliyefunga mwanawe mgongoni na kushika njia ya Sake, mwendo wa kilometa 25 hivi.

Basi mtu wa jamaa ya namna hiyo ukimwambia kwamba umenunua hema kwa fedha yako mwenyewe, ukalale chini pamoja na watoto kwa furaha tu, atakujibu nini? Katika nchi yetu neno "kambi" lina harufu ya turubai na ya foleni ya maji. Wako watoto wengi katika Kivu waliozaliwa chini ya turubai, na mama zao hawakuita jambo hilo matembezi.

Nami nilikuwa na sababu yangu, ingawa ni ndogo mbele ya hiyo. Miaka minane nafundisha darasa la sita. Kila mwaka, tunapofika katika mafundisho ya mito na milima ya Katanga, nachora ubaoni uwanda wa Kundelungu, na pembeni yake mstari mweupe wa chaki: hayo ndiyo maporomoko ya Lofoi. Mwaka uliopita mtoto mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, yanalia namna gani?" Sikuweza kumjibu. Nilijiambia nitakwenda kuyasikia. Lakini sikutaka kwenda peke yangu na kuwaacha mama na watoto nyumbani wanisubiri kama ilivyo desturi ya wanaume wengi. Mapumziko ya shule ni ya wote.

Kundelungu ni uwanda mrefu ulioinuka kaskazini-mashariki ya Lubumbashi, kati ya bonde la mto Lufira upande wa magharibi na nchi ya Luapula upande wa mashariki. Juu yake unapita kimo cha mita 1,600. Tangu mwaka 1970 sehemu yake kubwa ni hifadhi ya taifa. Wazee husimulia habari za makundi ya wanyama waliojaa humo. Leo majangili wamewapunguza sana, na mtu aendaye huko kutafuta pundamilia afadhali asijiwekee tumaini kubwa. Kilichobaki ni nchi yenyewe: nyasi tupu mpaka upeo wa macho, vijito baridi, misitu myembamba iliyojificha katika mikunjo ya ardhi, na pembeni mwa uwanda magenge ambayo mto Lofoi huruka chini yake zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja.

Tulikuwa watu watano: mimi, mama watoto, binti yetu wa miaka tisa, mdogo wake wa kiume wa miaka mitano, na kitinda mimba wetu wa miezi tisa, ambaye wakati ule alikuwa na meno mawili na kilo nane na nusu.

Nataja kilo kwa kuwa safari ya miguu pamoja na watoto ni hesabu ya kilo. Nilikwenda na mizani ya dukani kwa jirani, nikapima kila kitu usiku mmoja mpaka mke wangu akacheka. Mtu mzima asiyezoea mizigo asibebe zaidi ya robo ya uzito wake, nami nina kilo 70. Hema, magodoro membamba ya sponji, mablanketi, unga, kapenta wakavu, sukari, sufuria moja, chandarua: vyote vilidai zaidi ya hapo. Mtoto wa mgongoni hubebwa na mmoja wa wazazi, na huyo hawezi kubeba kitu kingine kizito. Tena yule wa miaka mitano atakuambia mapema kwamba anabeba mfuko wake mwenyewe, na baada ya nusu saa mfuko huo utakuwa wako. Tukaondoa kila kilichoweza kuondoka. Niliacha nyumbani vitabu viwili, na bado navikumbuka kwa uchungu. Mwishowe tulimwajiri kijana mmoja wa kijiji cha chini ya mlima atusaidie mizigo.

Wazungu wengi waendao milimani pamoja na watoto wadogo huwaketisha katika kiti cha mgongoni chenye vyuma na mikanda. Niliwahi kukishika kimoja. Ni kitu kizuri, lakini chenyewe peke yake chapita kilo 2. Kitenge hakifiki hata nusu kilo. Tena usiku ni shuka, mchana ni kivuli, mvua ikinyesha ni paa, na mtoto hulala ndani yake akisikia moyo wa mamaye. Wala si ugunduzi wetu. Katika misafara ya zamani ya Wanyamwezi wapagazi wengine waliandamana na wake zao, na mama hao walitembea mwezi baada ya mwezi, mtoto mgongoni na chungu kichwani. Msiri mwenyewe, aliyetawala huko Bunkeya, ng'ambo ya Lufira, mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891, asili yake ilikuwa Unyamwezi. Vitabu vyahesabu pembe za ndovu na shaba zilizopita katika njia zile. Watoto waliopita mgongoni sijaona bado kitabu kilichowahesabu.

Usiku wa mwisho kabla ya kuondoka, mama mkwe alimwita binti yake ndani. Nilisikia wakizungumza muda mrefu. Asubuhi niliona kazi yao. Ndani ya nguo za kila mtoto, upande wa shingo, kilikuwa kimeshonwa kitambaa cheupe kilichoandikwa kwa wino usiofutika: jina la mtoto, la baba, la mama, mtaa, na namba mbili za simu. Mwaka 2021, watu wa Goma walipokimbia, watoto wengi walipotezana na wazazi wao njiani. Wengine walikuwa wadogo mno hata wasiweze kutaja jina la baba. Bibi alijua jambo hilo kuliko sisi. Tena alimpa mke wangu kichupa cha chumvi na mfuko wa sukari, akamkumbusha kipimo: katika lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko ya chumvi, kwa mtoto anayeharisha. Tulikuwa na paketi za hospitali pia, ila hatukusema.

Na neno la tatu lilikuwa hili: "Mtoto msimlaze mahali pa shimo."

Mke wangu alinieleza. Karibu na Goma mna mahali pa chini, penye mashimo na mabonde madogo, ambapo hewa mbaya hutoka ardhini na kutuama. Watu wa huko hupaita mazuku, na wataalamu wa milima ya moto wamelichukua neno hilohilo la Kiswahili katika vitabu vyao. Hewa yenyewe ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa ya kawaida; hukaa chini kama maji ndani ya beseni. Mtu mzima aweza kupita amesimama, kichwa kiko juu yake. Mbuzi, mbwa na mtoto hufa. Nilimjibu kama mwalimu, yaani kama mtu asiyeulizwa: "Kundelungu si nchi ya milima ya moto. Hakuna mazuku kule." Neno hilo lilikuwa kweli. Sikilizeni sasa lilinifikisha wapi.

Usiku wa kwanza tulilala bondeni, karibu na walinzi wa hifadhi, ambao tulikuwa tumewaomba habari za njia na za usalama kabla ya kuondoka mjini. Hapo mbu hawakosekani, na chandarua chenye dawa kilifungwa ndani ya hema kabla jua halijazama, si baada. Kesho yake gari la hifadhi lilitupandisha uwandani na kutuacha. Mlinzi mmoja mtu mzima, mwenye maneno machache, alifuatana nasi, pamoja na yule kijana wa mizigo.

Loo, hewa ya juu kule! Nyasi za rangi ya simba, upepo usio na vumbi, na ukimya ambao mtu wa Lubumbashi hudhani masikio yake yameziba. Kitinda mimba alitoa kichwa ndani ya kitenge, akatazama pande zote, akapiga chafya, akalala.

Mtoto wa miaka mitano hatembei kama mtu anayekwenda mahali. Yeye amekwisha kufika kila anapokanyaga. Kichuguu ni lazima kipandwe, siafu lazima wahesabiwe, jiwe sharti ligeuzwe (hapo nilimfundisha kuligeuza kwa fimbo, upande ulio mbali naye, kwa sababu ya nge na nyoka). Nilikuwa nimepanga kilometa 9 kwa siku ile. Ukimwacha mwendo wake, mtoto huyo aenda kilometa mbili kwa saa moja, tena si kila saa. Kila tulipopumzika mtoto mdogo alinyonya, akabadilishwa nepi, akawekwa chini atambae, kwani miguu yake ilikuwa imekunjwa muda mrefu. Nepi chafu tuliziosha mbali na kijito, na maji yake tukayamwaga katika shimo. Kazi hizi hazina haraka. Mimi ndimi niliyekuwa na haraka.

Mlinzi alisema mapema mchana, "Mwalimu, hapa pana miti na maji. Tungelala hapa." Nikatazama karatasi yangu, nikaona tumekwenda kilometa 5 tu. Nikajibu tuendelee kidogo. Na jua la mwezi wa saba halingoji. Lilipoanza kutua tulikuwa katikati ya uwanda mtupu. Mtoto wa miaka mitano alikuwa juu ya mabega yangu akilia kimya. Upepo ukageuka baridi. Tukaona chini yetu dambo, yaani bonde dogo la nyasi lenye chemchemi. Maji karibu, ardhi laini, upepo haupigi. Nikasema, "Ni hapa." Mke wangu alisimama ukingoni akatazama chini, akanitazama mimi. "Baba, ni shimo." Nikamwambia hakuna mazuku.

Hema lilisimama gizani. Tulisafisha nyasi kulizunguka na kuacha mahali peupe, kwani wakati wa kiangazi cheche moja yatosha kuteketeza nchi. Tukapika uji na bukari mbali ya hema juu ya mbabula ndogo ya yule kijana, tukachemsha maji ya kunywa mpaka yakatokota dakika nzima. Watoto walikula, wakalala mara moja. Nami nikajisifu moyoni.

Katikati ya usiku nikaamshwa na baridi. Si baridi ya mjini, ambayo hukaa nje ya mlango. Hii ilitoka ardhini, ikapita katika sponji kana kwamba hakuna kitu. Mke wangu alikuwa ameketi, mtoto kifuani. Alikuwa amemshika mikono. "Ni baridi kama jiwe," akasema. Mikono ya mtoto mchanga huweza kupoa bila hatari. Palipo na ukweli ni kifuani na nyuma ya shingo. Nikamgusa shingoni. Hapo napo joto lilikuwa limepungua. Wala hakulia, na jambo hilo ndilo lililonitisha. Mtoto mdogo hana mwili mkubwa wa kutunza joto, wala hajui kutetemeka kama sisi. Akipoa sana hunyamaza.

Yule kijana alikuwa amesikia sauti zetu. Akaja mlangoni na mbabula mikononi, makala yake mekundu, hayana moshi hata kidogo. Akasema kwa upole, "Mwalimu, ingizeni hii. Hema litapata joto sasa hivi." Mimi, wasomaji wapenzi, nilikuwa nimekwisha kufungua zipu. Nilikuwa nimenyosha mikono miwili.

"Hapana," mama watoto akasema. "Haiingii."

Kila kiangazi katika miji ya Katanga kuna watu wanaoingiza mbabula chumbani, wakafunga mlango na dirisha, na kesho yake majirani wanavunja mlango. Najua habari hizi. Nimezifundisha. Makala yanayowaka mahali palipofungwa hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Damu yetu huipokea kwa nguvu inayopita mara 200 ile ya kupokea oksijeni. Hivyo oksijeni hukosa mahali pake katika damu. Mtu aliye macho huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, hulegea. Aliyelala haamki. Na mtoto, kwa kuwa apumua upesi kuliko sisi, hutangulia. Kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi. Hata mbabula inayoonekana imekufa, yenye majivu juu, bado hutoa hewa hiyo. Mambo haya yote yamo katika daftari langu la mafundisho, nami nilikuwa nimenyosha mikono.

Mke wangu alipanga kila kitu. Mbabula ilibaki nje, mbali. Juu yake kijana akachemsha maji. Tukayamimina katika chupa mbili ngumu, tukafunga vifuniko kwa nguvu, tukazivika soksi zangu za sufu, tukaziweka chini ya mablanketi ya wakubwa, si karibu na ngozi ya mtoto yeyote. Ndivyo moto ulivyoingia ndani ya hema bila kuingia. Tukachukua nyasi kavu, tukazisukuma chini ya sakafu ya hema unene wa kiganja. Naye akamvua mtoto nguo za juu, akamwacha na kofia na nepi, akamweka kifuani pake, ngozi kwa ngozi, akafunga kitenge na blanketi juu ya wote wawili, uso wa mtoto ukiwa nje. Ni ile njia ambayo hospitali nyingi za uzazi hutumia kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Ilianza Bogotá, katika Colombia, mwaka 1978, mahali palipokosa mashine za kutosha za kuwatia joto. Nao waliiita kwa jina la kangaruu. Mke wangu alifundishwa alipomzaa binti yetu wa kwanza. Mimi niliketi nyuma yake nikawa ukuta. Tuliketi hivyo, bila kulala, maana mzazi aliyechoka akisinzia aweza kumziba mtoto pumzi.

Baada ya muda nisiojua kuupima, mtoto alilia. Alilia kwa hasira, kwa sauti kubwa, akitaka maziwa. Kaka yake akaamka akalalamika. Sijapata kusikia ugomvi mzuri kama ule.

Alfajiri nilitoka na kipimajoto cha shule, ambacho nilikuwa nimekificha katika mizigo ingawa tulikuwa tumekubaliana kuondoa visivyo vya lazima. Pale kando ya hema, nyuzi 2. Majani yalikuwa meupe kwa sakitu. Nikapanda mteremko mpaka kwenye miti ambayo jana ilikuwa juu yetu, mwendo wa dakika tano: nyuzi 7. Hewa baridi ni nzito kuliko ya joto. Usiku usio na mawingu huteremka polepole toka mahali pa juu, hukusanyika katika kila shimo, hutuama humo mpaka jua lipande. Hukaa chini kama maji ndani ya beseni.

Nilirudi, nikamwonyesha mke wangu namba. Alizitazama, akaendelea kukoroga uji.

Siku ile hatukuendelea. Tulihamisha hema mpaka kwenye miti, na hapo tukakaa usiku mbili zilizofuata, nasi tukalala vizuri. Nakiri kwamba siku ile ya kukaa tu ndiyo iliyokuwa nzuri kupita zote. Mtoto alitambaa juu ya mkeka kivulini. Binti yetu alimfuata mlinzi, ambaye alimwonyesha nyayo za swala, na mahali wanawake wa vijiji huja kuchimba vile viazi vidogo ambavyo Lubumbashi tunakula kikanda chake sokoni bila kuuliza vimetoka wapi. Kijana wetu wa miaka mitano aliharisha kidogo. Akanywa maji ya bibi, ya sukari na chumvi, kikombe baada ya kikombe, na jioni akadai bukari. Angekuwa na homa tungeteremka siku ile ile, kwani homa ya mtoto katika nchi yetu haingoji kesho. Ndiyo sababu tulikuwa tumepatana na walinzi tangu mwanzo namna ya kuliita gari.

Na Lofoi? Siku ya tatu nilikwenda na binti yangu na mlinzi. Mama alibaki na wadogo kwa uamuzi wake mwenyewe. Alisema ukingo wa genge na mtoto wa miaka mitano havikai pamoja. Tulisikia maji kabla ya kuyaona. Hatua hamsini kabla ya ukingo mlinzi akatuamuru tulale kwa tumbo, akamshika binti yangu mshipi, tukasogea kama kenge. Kiangazi mto huwa mwembamba. Maji yalitoka katika nyasi kimya, kama mtu asiye na habari, kisha nchi ikaisha chini yake. Yalianguka meupe, yakapasuka, yakawa nyuzi, nyuzi zikawa mvuke, na upepo wa bonde ukayarudisha mengine juu mpaka yakatulowesha nyuso. Chini kabisa msitu ulionekana mdogo kama sukuma wiki bustanini.

Binti yangu alitazama sana. Kisha akasema, "Yanalia kama mafuta katika kikaango." Nimeliandika neno hilo katika daftari la darasa la sita, pamoja na jina lake.

Tuliporudi nyumbani, mama mkwe alikuwa mlangoni. Hakuuliza habari za maporomoko. Alimpokea mtoto, akamvua kofia, akamchunguza nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole vya miguu, kama mtu anunuaye kuku. Kisha akauliza binti yake, "Mlimlaza wapi?" Nilitazama chini. Mke wangu alimweleza yote, dambo, baridi, mbabula mlangoni. Hakuacha kitu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake akanisemesha mimi mwenyewe:

"Mkwe, hema lina unyevu. Lianike."

Nikalianika katika ua, nikalisimamisha kusudi lipate hewa pande zote. Watoto wakaingia, wakakataa kutoka. Jioni wakamwita bibi awaone. Alikataa, akakataa tena, kisha akaja akaketi mlangoni pake, miguu nje, mtoto mdogo mapajani. Yule wa miaka mitano akamwuliza kama yeye naye amewahi kulala nje. Nasi tulimsikia akiwasimulia habari za Gisenyi, usiku ule wa Januari, mbingu nyekundu upande wa nyumbani, na sufuria ya kijani aliyoibeba kichwani njia nzima bila kukumbuka kutia chakula ndani yake. Miaka yote niliyomjua hakuwahi kuzitaja mbele yangu.

Mke wangu alikuwa akianika nepi. "Haikuwa ya kijani, Mama," akasema. "Ilikuwa ya bluu."